Umejuaje?

Mkoani, saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Wageni tisa, darubini kumi na moja:
mzee wa Bergen kaja na tatu.
Shaame anatukana bomba la mafuta, kwa upole,
kama mtu anayemwamsha mtoto.
Mimi nina daftari, kalamu yenye uzi shingoni,
na fulana ya kampuni iliyonizidi saizi.

Makoongwe nikawaonyesha popo.
Wamejaa mkungu mzima, wananing'inia
kama nguo za msiba
zilizoanikwa na mtu asiye na haraka.
Mmoja akapiga miayo. Kamera zote zikalia.
Nikaandika: popo, mia nne, pengine na thelathini.

Panza, kulastara watatu.
Mchana pomboo, wale wasiojua kusubiri;
wakaja puani mwa boti, wakatuchoka, wakaenda zao.

Nyangumi tulimngoja siku mbili.
Alitoa pumzi mara moja, mbali, upande wa bara:
moshi wa chungu cha jirani,
unaunusa, huli.
"Wingu lile," akasema Shaame.
"Andika nyangumi," akasema mzee.
Nikaandika: pumzi, moja.

Siku ya tatu, Misali.
Maji yametulia kama uji ulioachwa upoe.
"Zima mashine. Hapa."
Hapakuwa na kitu. Mwamba, mwani, kivuli chetu.
"Hesabuni mpaka mia."

Walifika sitini na mbili.
Ng'amba akapanda taratibu,
kichwa cha bibi anayechungulia dirishani nani kabisha,
akavuta hewa, akatuona, hakutupa salamu.
Mama mmoja akalia machozi ya kweli.
Akanishika mkono: "Umejuaje?"

Nimejuaje.

Baba akimfuga chazo ndani ya mtumbwi,
uzi mkiani,
akimwita kwa majina ya wanawake waliomkataa.
Akifika hapa, juu ya mwamba huu huu,
akihesabu kimoyomoyo, hamsini, sitini,
kisha akimtosa.
Na chazo hana mambo mengi.
Huenda akabandika gambani,
habanduki hata akatike.
Baba akivuta. Mimi nikikumba maji
nisitazame.

Gamba la kwanza lilikuwa sare yangu ya skuli.
La pili viatu, na taa ya chemli ya kusomea.
Mengine sijui yalikuwa nini.
Labda ni lugha hii
ninayomjibia mama huyu.

"Kanifundisha baba."
"Lazima aliwapenda sana."

Shaame akageuka, akakuna mguu kwa mguu.
Baba yake ndiye aliyekuwa akinunua.

Nikafikiri.
Pumzi zao alizijua kuliko zetu.
Mama alipougua kifua, miezi minne,
sikumwona akihesabu hata moja.

"Aliwajua," nikasema.

Mashine ikawaka mara ya nne.
Nikafungua daftari juu ya goti:
ng'amba, mmoja, jike, saa tatu na nusu,
gamba limemeguka nyuma, kushoto.

Chini yake nikaacha mstari mtupu.
Kila safari huuacha.
Ofisini wanadhani napoteza karatasi.