Mvukutaji

Jumapili ya kwanza ya Majilio,
theluji imefika kwenye vitasa vya milango,
Mchungaji Valdemars aliniita pembeni, kofia mkononi.
"Indrikis, vidole vyako vimechoka.
Mpe Skaidrite kinanda.
Wewe nenda nyuma, ukavukute."

Miaka thelathini na nane.
Nililijua kila bomba la kinanda kile
kama mfugaji amjuavyo ng'ombe wake kwa kukohoa:
lile la tatu, linalokwama baridi ikizidi,
lile jembamba lililolia kama kinda
mwaka ule panya walipotafuna ngozi ya mvukuto.
Kwa mikono hii nimewaoza watu wa bonde la Gauja,
nimewaoza na watoto wao,
na leo naambiwa niende nyuma ya ukuta wa mbao,
penye giza, wenzo, na ndoo ya kuzimia moto.

Nilijibu, "Ndiyo, Mchungaji."
Mdomo ulitii.
Moyo ulibaki umekaa pale pale kwenye kiti changu,
umekunja nne.

Binti ana miaka kumi na saba,
buti zake zinanuka zizi.
Anazipiga zaburi mbio mbio
kama mtu anayewahi treni ya Riga.
Mimi huku nasukuma wenzo, chini, juu, chini,
jasho linanitoka Desemba,
na hakuna anayeuliza upepo unatoka kwa nani.

Mkesha wa Krismasi kanisa lilifurika.
Mishumaa juu ya msonobari, watu wa mjini na makoti yao.
Ubeti wa tatu, nikauachia wenzo.
Haukuniponyoka. Niliuachia.
Sauti ikalegea, ikashuka, ikakata roho.
Na katika kimya kile, nasema kweli,
nilifurahi. Nilikuwa mungu mdogo
wa giza lenye upana wa hatua mbili.

Ndipo nikamsikia Skaidrite
akiimba peke yake, sauti nyembamba, inatetemeka,
na watu wakamfuata, vikongwe na vitukuu,
wakauvusha wimbo ng'ambo bila pumzi yangu.

Wimbo haukunihitaji.
Jambo hilo liliniingia kama maji ya barafu kiatuni.

Baada ya ibada alikuja mbio, hana hata koti.
"Babu, nilidhani umeanguka!"
"Nimeanguka, mwanangu," nikasema.
Akaitafuta damu kwenye paji langu,
asiione.

Sasa ni Februari. Navukuta.
Sijawa mtakatifu; makosa yake bado nayahesabu,
Jumapili iliyopita yalikuwa manne.
Lakini kuna kitu nimekigundua kwenye wenzo huu:
una mabonde mawili, mahali pa viganja,
laini kama kijiko kikuukuu.
Si mimi niliyeyachimba.
Ni Ansis, aliyenivukutia miaka yangu yote,
nami sikuwahi kugeuka kusema ahsante.
Nadhani hata lile taulo alilojifunga Bwana
alipoinama kwenye miguu ya wanafunzi,
kuna mtu alilifua, na jina lake hatulijui.

Ansis alizikwa majira ya kuchipua.
Nilimpigia zaburi yake, zote beti sita,
watu wakanisifu mlangoni.
Nani alivukuta siku ile?
Nimejaribu kukumbuka.
Naweka viganja vyangu kwenye mabonde yake,
nasukuma,
na sikumbuki.