Mtoto wa Nne

Biju alikuwa amenakili sheria ileile mara tisa,
akabadilisha namba tu:
mtoto wa pili, rangi ya zafarani,
mtoto wa tano, rangi ya zafarani,
mpaka chini ya ukurasa,
kila nukta-mkato mahali pake kama punje ya tasbihi.
Nikamwambia, Biju, mwenzangu, hii si kazi, huu ni uradi.

Nje, Ghala ilikuwa inachemka.
Nikafuta yote, nikaandika kigezo kimoja.
Vitabu hukiita mchanganyo.
Mimi nimelelewa na fundi wa kofia,
kigezo nakijua nikikiona.

Mama alikuwa na chake, nyumbani Mabela,
amekikata kwenye picha ya eksirei ya goti la baba.
Ukikiinua dirishani unaliona goti,
jeupe, limepinda kidogo,
na juu yake nukta za wino, vishimo vya kofia.
Kofia ngapi zimepita juu ya goti lile?
Goti halikuchakaa.

Hicho ndicho nilichokitaka:
kitu kinachopokea orodha mabanoni,
mbili, tano, tisa, au zozote utakazokipa,
kikaizunguka namba moja moja,
kikamwendea kila mtoto aliyetajwa,
kikamvisha,
wasiotajwa kikawapita bila kuwagusa.
Mistari sita. Biju akapiga mluzi.
Kwenye kioo halua za Bwana Hamdun zikawaka,
ya pili, ya tano, ya tisa.

Jumatatu Hamdun akapiga simu kutoka Barka.
Halua ya tende imemwishia,
ilikuwa ya nne, ameifuta,
na sasa ile ya tano, ya lozi, fahari ya duka,
imevuliwa rangi,
na inayong'aa ni ya sukari nyeupe,
ya bei ya chini kuliko zote.
"Dada, kompyuta yako haijui watu."

Kweli, haijui.
Inahesabu waliopo.
Aliyeondoka hakuwahi kuwapo,
na waliokuwa nyuma yake wanasogea hatua moja
bila kuulizwa.

Chai ikapoa mkononi.
Nikamkumbuka karani mmoja, kalamu juu ya fomu:
"Watoto wangapi, mama?"
"Saba."
"Walio hai."
"Saba," akasema. Kisha, polepole,
kama anayefumua uzi:
"Andika unavyotaka."

Shinuna alikuwa wa nne.
Homa, siku tatu.
Na kila mkesha wa Idi mama huandika kwa chaki ya ushonaji
juu ya mafurushi ya nguo zetu:
moja, mbili, tatu,
tano, sita, saba.
Mundhir, wa sita, bado mdogo hajui kunyamaza,
aliwahi kumwambia, "Mama, umeruka."
Mama akaendelea kufunga fundo.

Mimi ni wa tano.
Hakuna aliyenisogeza.

Ningeweza kuzipa halua majina,
kila moja liitwe lake, tuachane na kuhesabu.
Biju alipendekeza hivyo, na alikuwa na haki.
Lakini nilikwisha kuinua simu.
Usifute, nikamwambia Bwana Hamdun.
Irudishe ya tende pale pale ilipokuwa,
mimi nitaiandikia neno moja: isionekane.
Haitachukua nafasi kwenye kioo,
mteja atapita asijue kitu,
ila kigezo kikija na orodha yake,
kikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu,
kitaikuta.

Kimya kidogo. Nikasikia sufuria zikigongana nyuma yake,
mtu akikoroga.
"Na itakaa hivyo mpaka lini?"
Biju aligeuka kunitazama.
Nikasema haina gharama ya ziada.