Rupia Thelathini na Moja

Tarehe kumi na nne ya kila mwezi simu hutetemeka
kabla sijafungua kibanda:
dola ishirini na nne, senti tisini na tisa.
Mimi huzihesabu kwa mikanda.
Mkanda mmoja wa ngozi kwenye kiondo,
ukitoa ngozi, uzi, na ushuru wa kanjo,
huniachia shilingi mia.
Mikanda thelathini na mitatu, basi, vidole vikinuka gundi,
ndipo niruhusiwe kuwatafuta wafu wangu.

Kyengo, mume wangu, hakasiriki. Hukunja gazeti tu.
"Kwa bei hiyo," husema, "wangekuja wenyewe kututafuta."

Tovuti ina kila kitu.
Ina ubatizo wa mtoto wa mwoka mikate
katika mji nisioweza kuutamka,
ina hesabu ya kuku wa mjane wake.
Nimejua koo za watu wasionijua. Wawili nimewalilia.
Lakini nikiandika Mulatya
huniuliza kwa adabu: Je, ulimaanisha Malta?
Mti wangu mle ndani una visanduku kumi na vinne vitupu,
na katika kila kimoja kivuli cha kichwa
chenye nywele za kulala.

Nilichokuwa nacho ni sentensi moja ya bibi yangu Syombua:
baba alikwenda mzigoni.
Si vitani. Mzigoni,
kama mtu aliyetoka mara moja, atarudi jioni.
Mbuzi hakuchinjwa, maana nani alikuwa na hakika?

Mwezi wa saba wa kulipa, Umoja, stima imerudi saa tano usiku,
ukurasa ukafunguka polepole kutoka juu,
mwandiko wa karani mwenye haraka:
*Molatia Ungwe. Mpagazi. Ukamba.
Amekufa, tumbo la kuhara.
Mshahara uliobaki, rupia 31. Haukudaiwa.*

Haukudaiwa.
Kana kwamba tulionyeshwa mlango wa kubisha.

Nikachukua kikokotoo, ndiyo tabia yangu.
Nimelipa dola mia na sabini na tano kasoro senti saba
kumwona mtu anayedai rupia thelathini na moja.
Sikujua niweke wapi alama ya kutoa.

Nikawaandikia: jina lake ni Mulatya wa Ngui.
Jibu likaja papo hapo, kutoka kwa kitu kisicholala:
asante, mpendwa mwanachama,
marekebisho ni kwa daraja la dhahabu.

Asubuhi nikaja sokoni na gunia langu.
Juu ya lango rangi imebambuka, lakini inasomeka: KARIOKOR.
Miaka ishirini na sita napita chini yake
nikidhani ni jina tu, kama Ziwani, kama Shauri Moyo.
Kumbe ni wao. Ni jeshi la wapagazi
kwa Kiingereza cha makaratasi,
lililotafunwa na vinywa vyetu hadi likalainika,
likauza nyama choma na vikapu.
Wao waliliharibu jina lake, sisi tukaliharibu lao;
hapo angalau hatudaiani.

Neno hilo halikunigharimu hata senti.
Ila nisingelisoma kabla ya kulipa.

Ukurasa nimeuchapisha, shilingi kumi, nyeusi na nyeupe,
nikaubandika ndani ya kifuniko cha boksi la nyuzi.
Molatia nimemkata kwa kalamu.
Nimeandika juu yake, herufi kubwa, na *wa Ngui*.
Daraja la dhahabu lije linikamate.

Kesho ni tarehe kumi na nne.
"Utafuta?" anauliza Kyengo kwenye simu,
na nasikia kwamba safari hii hataki niseme ndiyo.
Bibi alisema waliondoka wawili,
Mulatya na mdogo wake, ambaye jina lake
hata yeye hakulikumbuka.

Nimetia uzi kwenye sindano.
Mkanda wa kwanza.