Goti la Hani

Jina lake Henning Brockhaus. Ibra haikuliweza.
Siku ya kwanza bawabu wa klabu alisema Hani,
na Hani likashika, kama hina isiyoombwa.
Mimi ndiye niliyemkanda misimu miwili
katika chumba nyuma ya jukwaa:
kiyoyozi kinachokohoa, meza ya chuma,
mafuta ya karafuu, taulo zenye nembo iliyofifia.

Wenzangu walisoma habari zake kwenye simu.
Mechi mia mbili na kumi na nne, mabao sita.
Timu ya taifa: hakuna.
Mimi nilimsoma kwa kidole gumba.

Kifundo cha kushoto ni Chemnitz,
ana miaka kumi na tisa, nyasi zimeganda,
kocha anamwambia inuka, anainuka.
Ubavu ni Duisburg, kiwiko cha mtu
aliyekuja baadaye kusimama kwenye harusi yake.
Nyonga ni Larnaka,
mwaka ambao mshahara ulifika mara tatu.
Na goti la kulia, skrubu mbili ndani,
kovu limejipinda kama wadi inayotafuta njia.
Hilo sikuligusa bila bismillahi.

"Hii mwaiitaje?" aliniuliza,
kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.
Nikamwambia Waarabu wana lao,
lakini mimi nimezaliwa Tabora,
na mkono wangu unakanda kwa Kiswahili:
hili ni goti.
Alicheka hata meza ikalia.
Kwao, akasema, neno linalokaribia hilo ni Mungu.
"Ndiyo maana! Miaka kumi na mmoja
naliomba hili, halijibu."
Nikasema astaghfirullah,
nikageukia ukutani, nicheke peke yangu.

Kisha ile Alhamisi na watu wa Bidiya.
Isha imeshaswaliwa, joto bado halijaenda kulala.
Dakika ya sabini na nane
kijana wao, Mundhir, ndevu hazijaota,
alimpita Hani
kama mtu anavyopita duka lililofungwa:
hakuchungulia hata.
Hani hakuanguka. Afadhali angeanguka.
Alisimama, mikono kiunoni,
akautazama mpira wavuni
kama anayesoma bili ya umeme.

Chumbani hakuvua viatu.
"Maumivu," akasema, neno nililomfundisha.
Wapi? Akanyamaza.
Nikabonyeza goti, nikabonyeza nyonga,
nikarudi Duisburg, nikarudi Chemnitz,
kote kimya.
Basi nikamwambia, sisi tuna maneno mawili.
Maumivu yana anwani:
gumba linafika, mwenyewe anapiga kelele.
Uchungu hauna anwani.
Huo ni wa mama anayejifungua,
wa kahawa isiyo na tende,
na wa mtu aliyepitwa.
Akayahesabu kwa vidole, taratibu.
"Chemnitz, maumivu. Duisburg, maumivu.
Larnaka..." Akafikiri. "Larnaka, yote mawili."
Ya usiku ule hakuyataja.
Alisema tu: "Yule mtoto ni mzuri.
Akigeuka, kifundo chake kinalala. Kitamvunjikia."

Jumamosi, kabla jua halijakasirika,
nilikuja kuanika taulo,
nikaiona gari yenye vumbi la Bidiya langoni.
Sijui nani aliita, sijui kwa lugha gani.
Mundhir amesimama kwenye nyasi za plastiki,
mguu mmoja hewani kama korongo,
na Hani yuko chini yake,
anashika kifundo cha kijana kwa mikono miwili,
anakigeuza polepole, anakirudisha,
tena, tena,
kama fundi anayefungua saa ya mtu mwingine.

Alikuwa amepiga goti. Lile lile.

Nilitaka kumpigia kelele. Taulo zilikuwa zinadondosha maji
juu ya kandambili zangu, sikupiga.
Jioni goti lilikuwa limevimba ukubwa wa komamanga,
na miezi miwili klabu haijamlipa,
na mkataba unaisha Mei.
Alijilaza mezani, akanyoosha mguu, akasema
"Goti,"
wala sikujua ni lipi analolitaja.

Ilinichukua wiki nzima kulituliza.