Mnufaika

Kapela alikuja saa nne, wakati wa chai,
viatu vimepigwa rangi hadi vinaona dari,
akaniita "Mwalimu" kwa sauti ileile ya darasa la sita B
alipokuwa akiomba ruhusa ya kwenda chooni, asirudi.

Nilimfundisha asilimia mimi.
Nilimchapa kwa ajili ya asilimia, Mungu anisamehe.
Sasa yeye ana kikokotoo, mimi nina kikombe,
naye anasema: miaka ishirini si mingi, Mwalimu,
ukiigawa kwa siku ni soda na andazi.

Sizya akatia sahihi, nikatia.
Mwalimu wa Sayansi akauliza, "Na nisipokufa?"
Tukacheka wote, hata Kapela,
ila yeye alicheka huku kidole kikinionyesha pa kuandika.

Kwenye kisanduku cha mnufaika nikaandika: Nyamizi, mama mzazi.
Alikuwa na miaka sabini na minne.
Sabini na nne jumlisha ishirini,
hesabu ya darasa la pili,
hakuna aliyeifanya mle ofisini,
si mimi, si kijana wangu wa asilimia.

Tangu siku hiyo, kabla mshahara haujanifikia,
kuna mkono huupokea njiani:
elfu thelathini na tano.
Bati moja hilo, na chenji ya misumari.

Njoo Ipuli uione nyumba yangu.
Kuta zimesimama, lenta imefungwa,
juu ni mbingu ya Tabora.
Maboga yametambaa sebuleni;
moja limekaa palepale nilipopangia kochi.
Watoto wa jirani huja kuchuma majani
na hupiga hodi, kwa adabu,
kwenye mlango usiokuwepo.

Mama alifariki mwaka jana, mahindi yakiwa magotini,
katika chumba cha kupanga, Isevya.
Tulimzika kwa mchango. Daftari lilizunguka mtaa mzima,
kwa wauza mkaa, kwa fundi baiskeli,
kwa yule mama wa asali ambaye mimi ndiye ninayemdai.
Kapela alituma elfu kumi
na ujumbe: Pole sana Mwalimu.
Usisahau kubadilisha mnufaika.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao, barabara ya stesheni.
Nikasema nataka kuacha.
Binti akabofya, akabofya,
mashine ikatema karatasi yenye joto.
Miezi themanini na minne: nimelipa milioni mbili, laki tisa na elfu arobaini.
Nikiacha leo: milioni moja na laki moja.
Nikifa leo: milioni kumi na mbili.

Niliisoma kama ninavyosoma daftari la mtoto,
nikitafuta kosa nilizungushie wino mwekundu.
Halikuwepo. Hesabu ilikuwa safi.
Hasara ni mimi, mzima,
niliyekuja kwa miguu.

"Imebaki kumi na mitatu tu," binti akasema,
kwa huruma, kama mtu anayetaja kifungo cha mwenzake,
akanipa fomu ya kubadilisha jina.

Iko mezani hadi leo, chini ya chupa ya asali.
Nimeandika jina la mpwa wangu, nikafuta.
Nimeandika la Sizya, nikacheka, nikafuta.
Karatasi imeota vinyweleo pale pa kufutia.
Na kwenye ile ya zamani, kabatini kwao,
Mama bado ananisubiri
nife kwanza.

Usiku wa kuamkia jana mvua ilipiga.
Alfajiri nikaenda Ipuli kutazama kuta.
Hazikuanguka.
Nikalikata lile boga la pale kwenye kochi,
likiwa na matone yake,
nikalibeba kichwani, nikalichemsha kwa chumvi.
Lilikuwa tamu.
Nusu walikula wapiga hodi.