Kutoka Sifuri Hadi Kumi

Barua ya manispaa ya Oulu inauliza kwa adabu:
kutoka sifuri hadi kumi, unaridhika na maisha kwa kiasi gani?
Zungushia tarakimu moja tu.
Ndani mna bahasha ya kurudishia, stempu imeshalipiwa.
Nchi hii, hata swali huja na nauli yake ya kurudi.

Ninaketi na penseli. Saa nane mchana, na giza limeshaingia.
Bomba la maji ya moto linaguna ukutani.
Kule Jumla maji yalikuwa na uzito:
lita ishirini mgongoni, kamba kwenye paji la uso,
na shingo ya mama iliyopindia kushoto
ikabaki hivyo hata akiwa ameketi.

Mwenzangu kazini, Anneli, hupenda kuniambia:
"Lakini ninyi mna furaha. Mna watu."

Ndiyo, Anneli. Tulikuwa na watu.
Dada yangu Phulmati alipokwama na uchungu
walikuja watu kumi na wawili bila kuitwa,
wakamfunga kwa blanketi kwenye mianzi miwili,
wakashuka naye mlima wakipokezana mabegani,
wakimsemesha njia nzima asilale:
jina la mbuzi wake, deni la chumvi analomdai Harkabir,
nani atacheka kwanza mtoto akitoka na masikio ya baba yake.
Saa sita hadi barabarani.
Honi ya lori aliisikia, wanasema.
Tabibu hakumwona.
Alikufa akiwa amezungukwa na kila mtu aliyemjua.

Na hapa: miaka mitatu ghorofa ya pili,
mzee wa mlango wa jirani hajawahi kuniitikia salamu.
Jina lake nimelisoma kwenye sanduku la barua: Rautiainen.
Akisikia nyayo zangu, husubiri ndani hadi nipite.
Usiku ule Nirajan wangu aliposhikwa na degedege
niliupiga ukuta ngumi, nikapiga kelele zisizo na sarufi,
na gari la wagonjwa likafika kabla birika halijachemka.
Wageni wawili, theluji kwenye buti, hawakuuliza ukoo wetu.
Mwanangu yu hai. Yuko chumbani, anagoma kula karoti.
Aliyepiga simu ni Rautiainen.

Nilimpelekea dengu na wali kwenye sufuria yangu ya safari,
ile yenye mpini uliolegea tangu Kathmandu.
Alifungua mlango upana wa kiganja,
akapokea, akasema neno moja, akafunga.
Kesho yake sufuria ikaning'inia kwenye kitasa changu:
imeoshwa, imekaushwa, tupu.

Kwetu chombo hakirudi kitupu.
Hata fukara hutia humo limau, au chembe za chumvi.
Nilinuna siku mbili.

Siku ya tatu, nikiinua sufuria jikoni,
mpini haukucheza.
Skrubu mpya, ndogo, imekazwa hadi mwisho.

Penseli bado iko mkononi.
Wale kumi na wawili, niwape ngapi?
Na hawa wawili?
Na huyu asiyeitikia salamu?

Posta inafungwa saa kumi na moja.
Acha kwanza nibandike dengu.