Ndoo

Kerezo nimelifunga juu ya meza ya cherehani,
uchochoro wa tatu kutoka msikitini, Langoni,
mahali ambapo punda akipita
lazima nivute kiti ndani.

Bwana Famau, karani wa mahakama ya kadhi,
ameagiza kalamu mbili. "Zing'are," kasema,
"mpaka nione ndevu zangu."
Akanilipa nusu, nusu akaiacha mdomoni.

Ya kwanza niliitoa kwenye kioo cha taa ya pikipiki,
nyekundu, ngumu, yenye kiburi.
Hiyo haikunisumbua. Msasa wa mia nne, maji,
simamisha, futa, tazama;
mia sita, maji, simamisha, futa;
mia nane, elfu, elfu na mia tano,
na kila daraja, mashine ikiwa kimya,
napitisha msasa kwa urefu, kichwa hadi mguu,
nikifuta mizunguko ya daraja lililopita.
Ukiruka namba, namba itakungoja mbele.
Mkwaruzo wa mia nne hujificha kwenye ukungu,
hutoka elfu mbili, umevaa nguo za harusi.

Mwisho dawa ya meno, kipande cha kikoi kilichochakaa,
nami nikaiona pua yangu, imepinda, inacheka.

Ya pili ndiyo hii.

Niliikuta darini, imepasuka kiuno,
mkono wa waya umeliwa na kutu,
upande mmoja buluu, upande mmoja jua limeulamba
hadi rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.
Sikuuliza. Nikaikata kwa msumeno,
nikaiyeyusha kwenye oveni ya mikate,
nikaibana kwa jeki mpaka ikawa gogo
refu kama kidole cha kati.

Ikakerezeka vizuri, utepe ukimwagika mapajani
kama tambi za Ramadhani.
Lakini kung'ara, ikakataa.
Nikiibana msasa inapata joto, inalainika,
inaota manyoya madogo kama shavu la kijana.
Nikapunguza mwendo. Nikaongeza maji.
Nikarudi mia nne mara mbili, mara tatu,
adhana ya alasiri ikanikuta vidole vimekunjamana.
Wembe, mafuta ya nazi, dawa ya meno, matusi.
Haikutoa kioo. Ilitoa mng'ao wa chini,
wa ngozi ya mtu aliyetoka kuoga akajipaka mafuta,
na juu ya mng'ao, yale manyoya.

Ami Shekuwe, mchonga milango, alisimama kizingitini.
Huwa haingii. "Plastiki haina nyuzi," ndiyo salamu yake,
"kitu kisicho na nyuzi utakisoma vipi?"
Mfukoni ana kopo la majani ya msasa, makavu,
ule mti wenyewe ulioipa karatasi jina.
Huyatumia bado kwenye mbambakofi;
karatasi ya duka, asema, inakula ncha za maua.

Nikamwomba moja. Akanipa
kama mtu anayekopesha mswaki.
Nikalilowesha, nikapitisha polepole, kwa mkono.
Manyoya yakalala.
Na chini yake zikajitokeza: nyuzi.
Buluu, maziwa, buluu, maziwa,
zimejisokota pale zilipokutana motoni.

Ami aliichukua, akaiweka kwenye mwanga.
Akapitisha kidole gumba, akakirudisha.
"Hini ndoo ya nani?"

Nikanyamaza. Alijua.
Miaka kumi na tisa Bi Mwanatumu aliteka maji nayo,
akiisha, huiegemeza ukutani,
upande uleule, kila siku, juani.

Bwana Famau atakuja Jumatatu kutafuta ndevu zake.
Nitampa ile nyekundu. Kwa hii
nitamrudishia robo yake.

Kwetu Amu neno hilo ni chombo na ni mwito:
ndoo ya maji, na ndoo, yaani njoo.
Ami hakuirudisha kalamu mezani.
Aliishika kama ashikavyo mtu asiyeandika sana,
akaielekeza kwenye kiganja chake, bila wino,
na kwa sauti ya kumwita mtu aliye ghorofani
akasema, "Ndoo."
Sikujua ananiita mimi, au anaitaja.

Nikavuta kiti. Punda alikuwa anapita.